Masikio ya Babu na Kwinini ya Mdachi

Mimi dawa ya hospitali nikipewa siondoki dirishani mpaka yule binti anieleze yote. Ataniambia, "Bibi, moja mara tatu, haya, mwingine!" Anasema bila kunitazama, kama mtu anayetema mbegu. Namwambia, mjukuu wangu, moja mara tatu nimesikia, sasa niambie itanifanya nini. Itanilaza? Itanitapisha? Nile kwanza au nisile? Nikisahau moja nifanyeje? Huko nyuma foleni inaguna. Siku moja kijana mmoja akaniambia, "Bibi kwani unataka kuwa daktari?" Nikamwambia hapana baba, nataka kuwa mzima.

Wacha wagune. Kidonge kinaweza kufanya nini, mimi niliona kwa macho yangu, tena nikiwa mtoto ambaye meno ya mbele yalikuwa bado yanashindana kuota.

Ilikuwa enzi za Mdachi, huyo Mjerumani, wakati reli inakuja kwetu. Tulikaa upande wa Ihumwa, kwenye tembe ya babu yangu, baba yake baba. Baba mwenyewe hayupo, yuko kwenye tuta la reli anabeba udongo, tunamwona siku akiruhusiwa. Bibi alikuwa ameshakufa. Kwa hiyo nyumbani tuko watatu, mimi, mama na babu, na kati ya hao watatu wawili hawazungumzi.

Msifikiri waligombana. Kwetu mkwe ni mkwe. Mama tangu aolewe hajawahi kukanyaga chumba cha baba mkwe wake, hajala mbele yake, hajamwambia neno uso kwa uso. Wakikutana njiani mama anapinda, anapita kwenye miiba, babu anageuka kutazama mlima kama vile mlima umemwita. Heshima hiyo. Miaka kumi na zaidi nyumba moja, ukuta mmoja, wanasikiana wakikohoa, lakini maneno yanapita kwangu.

Na mimi maneno nilikuwa nayapenda. Sikuyapeleka tu, niliyapeleka pamoja na mwenyewe aliyeyasema. Mama akisema, "Kamwambie babu yako uji uko tayari," naingia kwa babu mkono kiunoni, shingo imelala kidogo kama mama, sauti yake ileile: "Uji uko tayari." Babu anacheka mpaka anakohoa. Aliniita mke wangu, kama mababu wote. "Mke wangu, na mimi kanijibie." Basi natoka nimekunja mgongo, nimevuta shuka begani, naburuta mguu wa kushoto: "Mwambie huyo mwenye uji, asiweke maji mengi, mimi si ndama." Mama anajifunika uso na khanga, mabega yanamtikisika.

Mwaka huo babu akaugua homa. Ile ya kutetemeka, anafunikwa ngozi mbili na bado meno yanagongana. Akanywa mizizi yake, haikumsaidia. Mama akasikia kwa wanawake wenzake kwamba kwenye kambi ya reli kuna daktari wa Kidachi anatoa kwinini, watu wanapona. Kambi ilikuwa mwendo wa asubuhi tu. Tukaenda, mimi na yeye.

Daktari alikuwa mrefu, amekaa kwenye kiti cha turubai, jasho linamtoka kwenye masharubu. Akatuona. "Mgonjwa wapi? Kwa nini yeye hapana kuja?" Mama akasema hawezi kutembea. "Kutetemeka? Siku ngapi? Mkojo rangi gani?" Mama nusura akimbie. Mkojo wa mkwe wake! Hata ng'ombe wa mkwe akikojoa mama anageuka. Akanisukuma mbele, nijibu mimi. Nikajibu, wa kawaida.

Msaidizi wake ndiye aliyekuwa mtu. Alikuwa mzee wa pwani, kanzu safi hata katika vumbi lile, anaongea taratibu kama anamimina asali. Kigogo chetu alikuwa amejifunza hapohapo njiani, kimepinda lakini kinaeleweka. Akahesabu vidonge kumi na vinne, akavifunga kwenye karatasi, halafu akachuchumaa tukatazamana.

"Sikiliza vyema, mwanangu. Kimoja asubuhi, kimoja jioni, siku saba. Ale kwanza, asimeze na tumbo tupu. Na pombe aiache. Haya. Sasa masikio yake yatalia. Yatalia, ngiii, kama nyuki. Asishtuke, ni dawa hiyo, si kitu kingine. Ikiisha dawa na kelele huisha. Lakini akiwa hasikii kabisa, au macho yaingia giza, au mkojo wageuka mweusi, aache papo hapo, mje mniite. Na akisahau kimoja, kimeshapita hicho. Asikifuate. Asimeze viwili kwa pamoja hata mara moja. Umesikia?"

Nikamrudishia yote, kwa sauti yake, na ile ngiii, na kidole alivyokiinua. Akacheka. Daktari naye akaita kutoka kwenye kiti, kwa sauti ya kutisha, "Dawa hii si karanga!" Hilo nalo nikalichukua.

Njiani mama akanisemesha yote mara tatu. Nilikuwa nayo yote. Hilo nataka mlijue, sikusahau hata neno.

Tulipofika, wazee wawili majirani walikuwa wamekuja kumtazama babu, wamekaa chumbani kwake wananusa ugoro. Mama akaenda kwenye jiwe lake la kusagia. Jiwe lile liko nje, chini ya ukuta wa chumba cha babu, na mama alikuwa na mtindo wake. Nikiwa ndani napeleka maneno, yeye anasaga. Nikikosea, anaacha kusaga. Jiwe likinyamaza najua nirudi nyuma nisahihishe.

Nikaanza. Nikakaa kwenye kigoda, miguu nimeitanua, nikapuliza masharubu nisiyokuwa nayo. "Mgonjwa wapi! Mkojo rangi gani!" Wale wazee wakaangua kicheko. Mmoja ugoro ukampalia. Babu mwenyewe na homa yake anacheka chini ya ngozi. "Tena, mke wangu, tena." Nikarudia. Nikatembea kama Mdachi, nikasema, "Dawa hii si karanga! Kimoja asubuhi! Kimoja jioni! Kula kwanza!" Wanapiga mapaja. Kisha nikafika kwa yule mzee wa pwani, na yeye ni mpole, hana la kuchekesha. Nikaona watu watapoa. Nikamruka. Nikarudi kwa Mdachi.

Jiwe likanyamaza.

Nikasikia. Nikaendelea na Mdachi.

Jiwe likasaga kidogo, likanyamaza tena. Halafu mama akakohoa. Mimi niko juu, nachekwa, sishuki. Wazee walipoondoka nikatoka, mama ananisubiri, unga umemjaa mikononi. "Umemwambia ya masikio?"

"Nimemwambia."

"Sikukusikia."

"Nilimwambia polepole."

Akanitazama. Kisha akarudi kusaga, maana angefanya nini? Angeingia mwenyewe?

Siku ya kwanza babu akameza asubuhi na jioni. Siku ya pili asubuhi akameza cha tatu, na homa ikashuka, akaomba ugali wa uwele na mlenda, akala. Mama kule nje akasaga kwa furaha, jiwe linacheza. Jioni nikampelekea maji ya kumezea dawa, akasema, "Weka hapo, mke wangu, nitameza." Kesho yake hivyohivyo. Weka hapo. Nikawa nauliza, babu umemeza? Anasema, "Mimi mtoto?"

Jambo nisilolijua ni kwamba tangu ile siku ya pili mchana masikio yalikuwa yameanza kulia. Alinieleza baadaye sana. Alisema kelele ile aliijua mara moja, kwa sababu mke wake, bibi yangu, kabla hajafa alisema masikio yanalia, na baba yake kabla hajafa alisema hivyohivyo. Akajua wamemfuata. Hakutaka kutuambia, asije akatuogopesha. Akawaza labda kidonge ndicho kinachofungua mlango wao wa kuingilia. Akaacha kumeza, akavifunga vidonge kwenye pindo la shuka, akakaa kimya, mtu mzima anangojea wafu wake peke yake, na mimi nipo hapo mlangoni na neno moja tu la kumtoa hofu. Ngiii, kama nyuki, ni dawa hiyo. Neno lenyewe nilikuwa nalo mdomoni.

Siku ya nne homa ikarudi. Siku ya tano asubuhi mama akaniambia, "Kachukue ile karatasi ya dawa uniletee. Nataka kuhesabu vimebaki vingapi. Kama anameza na homa inarudi, twende tukamwambie yule mzee."

Mama, kama mimi, hakujua kusoma, lakini kuhesabu alijua. Kumi na vinne, toa vinane vya siku nne, vibaki sita.

Nikaenda kwa babu na shingo ya mama. "Kachukue ile karatasi ya dawa, nataka kuhesabu."

Babu safari hii hakucheka. Akanitazama, akatazama ukuta, upande wa jiwe. Akasema, "Mwambie nakuja kuitoa. Kwanza niletee maji, mke wangu. Mengi."

Nikamletea kibuyu kizima. Nilikishika kwa mikono miwili nisimwage.

Alikuwa navyo kumi na kimoja. Na yeye kuhesabu alijua. Aliona aibu, mzee mzima, mkwe wake ajue kwamba dawa aliyoifuata kwa miguu juani yeye ameificha kwenye shuka. Na dawa za kwetu, ukiwa umeacha, unafidia, unakunywa kibuyu chote mara moja mambo yanakuwa sawa. Akanigeuzia mgongo. Nikaona kichwa kikienda nyuma, kikirudi, kikienda nyuma. Vidonge vitano. Kisha akanikabidhi karatasi, vidonge sita ndani, amevifunga vizuri kabisa.

Mama akahesabu. Akahesabu tena. "Vizuri," akasema. "Kumbe anameza."

Jua halijafika katikati nikasikia babu anatapika. Nikaingia. Amekaa sakafuni, ameshika kichwa kama mtu anayezuia chungu kisianguke. Nikamwita, "Mume wangu." Hakugeuka. Nikamwita kwa sauti ya Mdachi, ile anayoipenda. Hakugeuka. Nikaja mbele yake, akanitazama kama ananitafuta kwenye moshi, akasema kwa sauti kubwa, kubwa mno, "Mbona mmezima mchana?"

Nikapiga kelele. "Mama! Hasikii! Haoni!"

Jiwe likanyamaza. Mama akaja mbio mpaka mlangoni kwa babu na hapo akasimama. Nakumbuka vidole vya miguu yake vilivyofika pale na kukataa. Mkono mmoja ameshika mwimo. Akatazama kushoto, kulia, kama kuna mwanamume yeyote wa kumwita. Hakuna, wote wako mashambani na kwenye tuta. Babu akatapika tena, akaanza kuanguka upande. Mama akaingia.

Akampokea kifuani mwake. Mkwe wake. Akamfuta mdomo kwa khanga yake mwenyewe. Mimi huku nalia, nayasema yote, kwamba sikumwambia ya masikio, kwamba wazee walikuwa wanacheka, kwamba maji nimeleta mimi. Babu akashika pindo la shuka, akapaza sauti, "Nilimeza vitatu, vingine nikavificha humu, leo nimemeza vitano!" Mama akalifungua lile pindo, likawa tupu, akaelewa.

Nilingoja kofi. Hakunipiga. Akasema, "Nenda kambini. Kamwambie yule mzee kila kitu. Usiache hata kimoja. Na leo usichekeshe mtu."

Jirani mmoja mwanamke alinisindikiza, tukakimbia. Nilipofika nikamwambia yule msaidizi: alimeza vitatu, akaacha siku mbili na zaidi, leo amemeza vitano pamoja, masikio sikumwambia, ni mimi. Nilisema hivyo tu, wala sikuiga mtu. Akachukua mkoba wake akapanda punda, nami akanipandisha mbele yake.

Alipofika akamlaza babu chali, akamshika mkono akisikiliza mapigo ya moyo, muda mrefu, mdomo unahesabu. Akauliza mkojo. Mama, amini usiamini, akajibu mwenyewe. "Ni wa kawaida. Nimeutazama." Yule mzee akamtazama kwa adabu sana.

"Vidonge hivi sita nachukua," akasema. "Asimeze kingine mpaka nije. Alale, asisimame ghafla, anywe maji kidogo kidogo. Moyo wake wapiga vibaya lakini wapiga. Usiku huu ukipita, atakaa."

"Na masikio?" mama akauliza.

"Macho nadhani yatarudi. Masikio, mwanangu, sikudanganyi. Kuna yanayorudi. Kuna yasiyorudi."

Usiku ule ukapita. Macho yakarudi siku ya pili yake, kwanza akaona mlango, kisha akaniona mimi, akasema kwa sauti ya kupasua paa, "Mke wangu umekuwa mbaya!" Nikafurahi mpaka nikalia. Yule mzee wa pwani akawa anakuja mwenyewe, anatoa kidonge kimoja kwa mkono wake, nusu nusu, mpaka homa ikaisha. Lakini masikio, hakuna. Tulipiga debe nyuma yake, hakugeuka.

Na mama akaendelea kuingia. Nani mwingine angemnywesha? Mimi hakuniamini tena na maji. Siku za kwanza alimnywesha kimya, amegeuza uso. Halafu siku moja niko mlangoni nachambua mlenda, nikasikia sauti ya mama ndani. Anaongea. Nikadhani kuna mgeni.

"Uji huu nao hutaki? Unataka mzito? Kila siku mtoto ananiambia wewe si ndama. Ndama ana adabu kuliko wewe, Baba."

Nikaacha mlenda. Mama anamtania mkwe wake! Kisha nikafahamu. Hasikii. Mtu asiyesikia unaweza kumwambia chochote, hujavunja heshima yoyote, umeongea na ukuta tu.

Kumbe mama alikuwa na maneno ya miaka kumi na zaidi. Yakatoka siku hadi siku, kijiko na neno, kijiko na neno. Alimwambia anakoroma. Alimwambia mwanawe naye anakoroma, ukoo mzima mnakoroma. Alimwambia yule mbuzi mweusi aliyepotea, ni yeye mama aliyeacha zizi wazi, wakamsingizia fisi. Na siku moja, sauti imeshuka, akamwambia hivi:

"Mtoto wangu wa kwanza alipokufa, wewe ulikaa nje ya mlango wangu juani. Kutwa nzima. Hukuingia, hukusema, ulikaa tu, na jua lile. Watu walidhani umechoka. Mimi nilikuona kivuli chako pale mlangoni. Nilitaka kukushukuru sikuwa na njia. Sasa nimekushukuru, na wewe husikii. Haya, kunywa."

Mimi sikuwa najua kwamba kulikuwa na mtoto kabla yangu.

Mwezi ukapita. Babu akasimama, akatoka kuota jua, bado watu wote wanampigia kelele, yeye anajibu kwa kelele. Mama sasa anamletea chakula ukutani nje, anakaa pembeni kidogo, upande wa kushoto, amempa bega, wala hamtazami, na anaongea. Siku hiyo anamsimulia habari za mwanamke mmoja wa jirani aliyekwenda kuuza kuku kambini, kuku akamkimbilia Mdachi kwenye kiti chake. Mama hakuwa mwigaji kama mimi, lakini siku hiyo aliiga kuku. Mimi natokea upande wa zizi, mama hanioni, nikamwona babu kwa mbele. Amekaza uso kama jiwe, lakini tumbo linaruka. Machozi yanamtoka.

Anacheka. Amesikia.

Nikafungua mdomo nipige kelele za furaha. Babu akaniona. Akatikisa kichwa, kidogo sana, macho yananiomba.

Mama alipoingia ndani nikamwendea babu, nikamnong'oneza kwenye sikio la kulia, "Mume wangu, tangu lini?"

"Hili la kulia, tangu mwezi unaandama. La kushoto limekufa." Akanishika mkono. "Mke wangu, wewe una mdomo. Nakuomba huu uufunge. Siku akijua nasikia, atanyamaza. Na mimi sina tena mtu wa kuongea naye humu ndani."

"Na mimi?"

"Wewe unaongea na dunia nzima."

Nikaufunga. Kitu kigumu kuliko hicho sijafanya maishani, na nimezaa tisa. Babu akaishi miaka mingi bado, mpaka Mdachi akaondoka na vita vyake, na kwa watu wote alikuwa yule mzee aliyeuawa masikio na kwinini. Kwenye pombe wenzake wanampigia kelele, naye anaitikia kinyumenyume, anawachekea moyoni. Alikuwa mwongo hodari, nadhani ndiko nilikotoa.

Baba alipokuwa likizoni alimwuliza mama, "Wewe unazungumza na baba?" Mama akasema, "Nazungumza peke yangu, yeye yupo tu."

Lakini mimi niliwatazama sana. Na nitawaambia nilichokiona miaka ya mwisho, babu ameshakuwa mwepesi kama kapu. Mama alikuwa ameacha kukaa upande wa kushoto. Alihama, akawa anakaa upande wa kulia, karibu, bado amempa bega kama heshima inavyotaka. Na sauti yake alikuwa ameishusha, anaongea polepole, hata mimi niliyekuwa hatua tatu nyuma sikuwa naambulia kitu.

Mtu kiziwi humwambii neno kwa kunong'ona.